Karatasi Zilizojitoa Zenyewe

Jumatatu, 3 Machi

Nimemkosea shemeji yangu. Naanza na hilo kabisa, maana nikianza na mvua au na kompyuta nitazunguka mpaka daftari liishe. Nilimwaibisha mbele za watu, dukani kwangu mwenyewe. Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao.

Daftari lenyewe sikulinunua kwa ajili ya kutubu. Nimelazimishwa na fundi wa kompyuta, mama mmoja mkali ambaye mtaa mzima unamwita Nyaya. Amenikazia macho juu ya miwani yake akasema, "Kaka, kila nitakachokuonyesha uandike. Mtu wa umri wetu akikwambia atakumbuka, huyo anakudanganya." Basi naandika. Lakini nimeshika kalamu na kilichokuja cha kwanza ni shemeji.

Nina duka la kuchapa na kutoa kopi, linatazamana na geti la shule. Kompyuta moja, printa moja, mashine ya kopi moja. Wanafunzi wananiita Bwana Kopi. Shemeji yangu, mdogo wake wa kike mke wangu, amefanya kazi na mimi miaka miwili. Yeye ndiye aliyekuwa anaijua kompyuta. Mimi najua kubonyeza.

Jumatano iliyopita, saa kumi jioni, mwalimu wa taaluma alileta mtihani wa hesabu kwenye flashi. Alitaka nakala moja tu ya kukagua. Shemeji alikuwa ameshaondoka. Nikafungua, nikabonyeza, printa ikagoma. Taa ya njano. Nikabonyeza tena, wapi. Mwalimu akachoka kusubiri, akasema atarudi kesho. Nikazima kila kitu nikafunga duka.

Alhamisi asubuhi shemeji ndiye aliyefungua. Nilipofika nilimkuta kasimama katikati ya duka, kashika karatasi tatu za mtihani, ndara zimelowa. "Shemeji," akaniambia, "hizi zimejitoa zenyewe. Nilikuwa nje nachota maji ya mvua mlangoni, narudi nakuta wanafunzi waliokuja kutoa kopi wamezichukua." Kabla ya saa sita mtihani ulikuwa umezagaa shule nzima. Walizikusanya nakala zote, pamoja na zile tatu, zikawa kumi na moja.

Mwalimu wa taaluma alikuja amefura kwa hasira. Duka limejaa watu. Akauliza nani katoa. Nikasema, "Mwalimu, wewe ni shahidi, jana mimi sikutoa hata karatasi moja. Leo kafungua huyu. Na anasema zimejitoa zenyewe!" Halafu nikaigiza, nikaipungia printa mkono kama namwita mtu: "Njoo basi, jitoe!" Watu wakavunjika mbavu.

Shemeji aliweka ufunguo mezani akaondoka.

Niseme ukweli wangu wa leo: bado naamini alizitoa yeye, labda kwa kumsaidia mtoto wa mtu. Kosa langu ni kumsema hadharani. Ningemwita pembeni.

Jumanne, 4 Machi

Mvua kutwa. Paa linavuja karibu na mashine ya kopi. Nimeweka ndoo.

Ijumaa, 7 Machi

Leo tumeweka mfumo mpya kwenye kompyuta. Ule wa zamani ulishajaa virusi vya flashi za wateja. Ukiwasha, skrini inabaki ya bluu na maandishi ya kulalamika. Nyaya aliutazama dakika mbili akasema huu si wa kubembelezwa. Akasema kuna mfumo mwingine, huria, umetengenezwa na watu wa kila mahali, kila mtu anaruhusiwa kuutumia na kumgawia mwenzake, bila malipo.

Nikamwambia, "Cha bure hicho kitakuwa na kasoro."

"Na hewa unayovuta ina kasoro? Niletee flashi tupu."

Nikafungua droo ya shemeji kutafuta flashi. Nikakuta moja imefungwa kwa mpira pamoja na karatasi zilizokunjwa. Juu kaandika kwa peni ya kijani: Mfumo mpya, kwa Shemeji. Nyaya akaichomeka, akaikagua, akacheka. "Kila kitu kimo humu. Nani kakuandalia?"

"Shemeji yangu."

"Basi mwenye akili dukani kwako ni huyo. Yuko wapi?"

Nikasema amepumzika. Huo ni uongo, nauandika hapa.

Nikakumbuka sasa. Mwaka jana alikuja na maneno hayo hayo ya mfumo huria, nikamwambia hapa ni dukani, si chuoni. Hakubishana. Kumbe alikwenda akaandaa.

Hatua, kama nilivyoamriwa kuandika: Kwanza, chomeka flashi kisha ndiyo uwashe kompyuta. Itakuuliza unataka kujaribu au kuweka moja kwa moja. Chagua kujaribu. Mfumo unatembea kutoka kwenye flashi, haugusi kitu, na wewe unaangalia kama kipanya kinatii, kama sauti ipo, kama intaneti inashika. Pili, kazi zako zote za zamani zihamishe pembeni kabla ya kuweka, maana kuweka kunafuta. Nyaya alinirudisha mara mbili kuhakikisha. Tatu, ndiyo unaweka: unachagua lugha, saa, jina lako, neno la siri. Neno la siri usimwambie mtu. Nyaya akageuka ukutani nilipokuwa naliandika, kwa heshima kabisa, halafu akasema, "Kama ni jina la mkeo nimeshalijua." Nikabadilisha.

Nusu saa tu. Kompyuta ikawaka safi kama sahani iliyooshwa.

Zile karatasi za maelekezo za shemeji nilisoma ukurasa wa kwanza tu. Zilizobaki nikazitia mfukoni. Sikutaka kufundishwa na mtu aliyeniharibia duka. Ndivyo nilivyojiambia.

Jumatatu, 10 Machi

Nimejua pa kuandikia, pa kuhifadhi, na pa kutafuta kilichopotea. Nimeandika barua ya mteja kwenye kompyuta bila kumwita mtu. Wasifu wa zamani umefunguka, ila mistari imesogea kidogo. Nimeipanga.

Alhamisi, 13 Machi

Leo zamu ya printa. Nyaya ana kazi mahali pengine wiki nzima, nikasema, kwani mimi nina mikono ya udongo? Nikafungua mahali pa mipangilio, nikaingia kwenye printa, nikaambiwa niongeze. Ikatokea orodha ndefu ya majina. Nikaona jina la kampuni ya printa yetu, nikachagua la kwanza lililofanana. Nikabonyeza kuchapa ukurasa wa majaribio.

Ee! Printa ikaanza kutema. Kila karatasi ina mstari mmoja wa alama: nyota, mikato, herufi zimepinduka. Karatasi ya pili, ya tatu, ya kumi. Nikazima haikusikia, nikachomoa waya wa umeme. Jirani yangu mshonaji akachungulia mlangoni na sindano mdomoni.

"Bwana Kopi, hiyo lugha ya malaika au ya mashetani?"

"Ya printa."

"Mjibu basi, anakuongelesha."

Akaondoka anacheka. Nilikaa na rundo la karatasi zilizoharibika, na mtu wa kumwuliza sina. Ndipo nikatoa zile karatasi mfukoni. Ukurasa wa tatu: "Shemeji, kila printa ina kiprogramu chake cha kuiongoza. Ukiipa cha mwenzake inachanganyikiwa, inatema takataka. Usichague jina linalofanana. Geuza printa, futa vumbi mgongoni, utaona namba. Chagua namba ile ile, herufi kwa herufi."

Nikaigeuza. Nikafuta. Namba ipo, miaka yote ipo, sijawahi kuiangalia. Nikafuta ile printa ya makosa kwenye orodha, nikaongeza upya, nikachagua ile ile herufi kwa herufi. Ukurasa wa majaribio ukatoka na rangi zake zote, umenyooka. Nilipiga makofi peke yangu.

Mteja akaingia, nikakunja karatasi kabla ya kufika mwisho.

Jumamosi, 15 Machi

Mke wangu aliniona nimechangamka. "Una nini leo?"

"Printa imekubali."

"Na mdogo wangu?"

Akaweka chai mezani akaenda zake ndani. Wiki ya tatu hii ananiwekea chai na kuondoka. Chai yenyewe haina kasoro hata kidogo, na hilo ndilo linaniuma.

Jumanne, 18 Machi

Leo nimemwona shemeji ng'ambo ya barabara, na mwavuli. Wanafunzi wawili wakapaza sauti: "Zimejitoa! Dada Zimejitoa!" Hakugeuka, wala hakuongeza mwendo. Kumbe hilo limeshakuwa jina lake. Na aliyelitunga ni mimi.

Jumamosi, 22 Machi

Mvua. Ndoo mbili sasa.

Jumatano, 26 Machi

Saa kumi hivi alikuja mama mwenye saluni, anataka tangazo la kubandika mlangoni. Nikaliandika vizuri, herufi kubwa, na kimchoro cha mkasi. Nikabonyeza kuchapa. Taa ya njano. Nikabonyeza tena. Na tena, na tena. Mama akatazama wingu akasema atapita kesho, nguo zake ziko kwenye kamba. Nikazima nikafunga. Kesho nitaangalia.

Alhamisi, 27 Machi

Nitaandika taratibu.

Nimefungua duka saa moja na nusu. Maji yameingia mlangoni. Nimewasha kompyuta, nimewasha printa, taa ya njano. Nimefungua kifuniko, nimekuta karatasi imekwama, nimeivuta polepole, nimefunga. Nimejaza karatasi. Nimechukua dekio nikatoka mlangoni kusukuma maji.

Nikasikia printa.

Nilisimama na dekio mkononi. Ndani hakuna mtu. Printa inavuta karatasi, inatoa. Inavuta, inatoa. Nikaingia, nikazitazama zinavyolala moja juu ya nyingine. Tangazo la saluni, tangazo la saluni, mkasi, mkasi. Saba.

Zimejitoa zenyewe.

Nikakaa chini. Nikatoa karatasi za shemeji, zimeshachakaa kwa kukaa mfukoni, nikafungua ukurasa wa mwisho ambao sikuwahi kuusoma. Nanakili kama ulivyo:

"Printa ikikwama usibonyeze tena, Shemeji. Kila ukibonyeza unaongeza nakala kwenye foleni. Foleni haisahau. Hata ukizima kompyuta, nakala zinasubiri, na kesho ukiwasha zitatoka zote kwa mpigo. Ukiona taa ya njano, fungua orodha ya foleni kwanza, uone ni ngapi, ufute zilizozidi. Nimeshakuambia kwa mdomo mara tatu, ndiyo maana sasa nimeandika. Usikasirike."

Nimefungua orodha kama alivyoelekeza, nayo inaonyesha hata zilizokwisha kutoka. Ipo. Tangazo la saluni mara saba, na kila moja ina saa na dakika yake, zote za jana, zote zimepishana sekunde chache. Vidole vyangu hivyo.

Mtihani wa hesabu ulikuwa kumi na moja. Na mimi ile Jumatano nilibonyeza, mwalimu amesimama nyuma yangu anapumua, nikabonyeza kama mtu anayegonga mlango wa choo.

Sasa lililo baya zaidi, na hili sijalisema hata kwa mke wangu. Mwalimu alipouliza nani katoa, nilikumbuka kwamba nilibonyeza mara nyingi. Lilinipita kichwani. Sikujua kwamba zingetoka, hapana, hilo naapa. Lakini nilijua kuwa nimebonyeza, na nikaamua kujibu habari ya karatasi, sikujibu habari ya kidole. Nikasema sikutoa hata moja. Ni kweli, sikutoa. Ukweli wa namna hiyo ndio uliompa mtoto wa watu jina la kejeli barabarani.

Mama wa saluni alikuja saa tatu. Nikampa zote saba. Akashangaa, "Mbona nyingi?" Nikamwambia nilibonyeza mara saba, mama. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema neno hilo kwa sauti. Halikuniua.

Ijumaa, 28 Machi

Nimempigia Nyaya. Nimemwuliza kama mfumo wa zamani nao ulikuwa na foleni. "Foleni ni foleni, kaka. Mfumo wowote. Tofauti ule wa kwako ulikuwa unaificha, huu unakuonyesha. Kwa nini?" Nikamwambia kila kitu. Akasema, "Na unaniambia mimi ili iweje? Mimi ndiye uliyenisema?"

Jumapili, 30 Machi

Nimekwenda kwa mama mkwe. Shemeji anaishi pale. Mama mkwe alinipokea vizuri mno, akanipa kiti cha mgeni. Mimi sijakaa kiti cha mgeni kwenye nyumba ile tangu nilipooa.

Shemeji alikuja na kanga begani, akaketi mbali. Nikamweleza: tangazo la saluni, saba, orodha, dakika. Nikamwambia na lile la kidole. Sikubakiza.

"Kwa hiyo ulisoma ukurasa wa mwisho," akasema.

"Alhamisi."

"Niliuandika mwezi wa kumi na moja, Shemeji."

"Najua. Nisamehe."

Akatazama mikono yake. "Nimekusikia. Lakini ulinisem­a mbele ya duka zima na mwalimu yupo. Hapa tuko watatu, na mama sikio lake moja ndilo linalofanya kazi."

"Nasikia vizuri tu," mama mkwe akasema.

"Shule inatafuta sekretari. Niliomba tangu Januari, jina langu lilikuwemo kwenye orodha. Mwalimu wa taaluma amelikata. Usaili ni Jumatatu ya tarehe saba, na orodha wanaifunga Ijumaa hii. Wewe unaniomba msamaha wa sebuleni, sawa, nakupa. Ila nikipita barabarani nitaendelea kuitwa Zimejitoa."

Nikamwuliza nifanye nini. Akasimama. "Shemeji, mpaka hilo nalo nikuandikie?"

Jumatatu, 31 Machi

Mvua imepungua. Sikufungua duka mpaka saa tano.

Jumatano, 2 Aprili

Leo nimemwambia mke wangu. Niliogopa jambo moja, na ni vizuri niliandike: shule ndiyo mteja wangu mkubwa. Nikienda kusema kwamba mtihani ulivuja kwa uzembe wangu, na tena nikamsingizia mtu, hawataniletea kazi tena. Ningekuwa wao, mimi nisingeleta.

Mke wangu alikuwa ameshika kikombe cha chai yangu. Akakiweka, halafu akaketi. Mara ya kwanza tangu Februari.

"Umesema wewe mwenyewe hawataleta," akasema.

"Ndiyo."

"Basi hilo limekwisha, usilifikirie tena. Fikiria utasema nini. Maana nakujua, Baba, ukianza kuongea utaweka na vichekesho."

"Sitaweka."

"Andika. Usome kama ulivyoandika."

Alhamisi, 3 Aprili

Nimeandika. Ni barua ya mistari sita, nimeipanga mwenyewe kwenye mfumo mpya, hakuna mstari uliosogea. Inasema: "Mtihani wa hesabu wa Februari niliutoa mimi, kwa kidole changu, kwa kubonyeza mara kumi na moja na kutoangalia foleni. Shemeji yangu aliwaambia ukweli, kwamba karatasi zilijitoa zenyewe alipowasha printa, na mimi nilimgeuza kichekesho ili nisiulizwe. Alikuwa ameshanionya kwa mdomo na kwa maandishi. Namwomba radhi mbele yenu. Jina mnalomwita ni langu, nipeni mimi." Chini jina langu kamili na sahihi.

Nimempigia mwalimu wa taaluma. Alikuwa mkavu kama mkaa. "Una dakika tano, wakati wa mapumziko ya chai." Nikamwambia nahitaji na soketi moja ya umeme. Akauliza ya nini. Nikasema ataona.

Nimeshajaribu leo mara mbili hapa dukani na haikukosea. Printa nimeifunga kwa nailoni, kompyuta nimeiviringishia blanketi, mshonaji amekubali kunishikia upande mmoja tukivuka barabara, kwa sharti kwamba nimwambie tunakwenda kufanya nini. Nimemwambia. Hakutia utani hata mmoja, na yeye si mtu wa kukosa.

Kesho, Ijumaa tarehe 4, saa nne asubuhi, nitasimama kwenye chumba cha walimu. Nitaiwasha printa bila karatasi. Nitaifungua barua hii na kuibonyeza mara kumi na moja, wote wanahesabu. Nitazima kila kitu. Kisha nitajaza karatasi, nitawasha, na nitarudi nyuma hatua tatu, mikono yangu mgongoni. Zikitoka, nitamgawia mwalimu mmoja mmoja asome, na ya kwanza ataishika mwalimu wa taaluma, ili alirudishe jina alilolikata kabla orodha haijafungwa. Nitabakiza moja. Hiyo nitaibandika kwenye mlango wa duka langu, upande wa nje, mahali wanafunzi wanapopanga mstari, na haitabanduka mpaka muhula uishe.